Mbwa mwitu wanaporudi bonde la Umba: namna ya kubadili mtazamo wa kijiji

Kundi moja la mbwa mwitu huzunguka mamia ya kilomita za mraba, na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi nzima, kaskazini mashariki mwa Tanzania, ina kilomita za mraba 3,245 tu. Kwa hiyo mbwa waliozaliwa au kuachiwa humo watatoka tu, na wakitokezea kusini au mashariki, upande wa bonde la mto Umba, watakutana na mbuzi wa wilaya za Lushoto, Korogwe na Mkinga mkoani Tanga. Siku hiyo ikifika, kuna mtu atakayeitwa aseme na wananchi: mtendaji wa kijiji, askari wa wanyamapori wa kijiji, mwalimu, imamu, mtangazaji wa redio. Mwongozo huu ni wake.

Mfugaji habadili mawazo kwa kusifiwa mnyama. Hubadili pale hasara yake inapopungua, na pale anapoambiwa kweli ni nani amemla mbuzi wake. Ukianza na picha nzuri na nyimbo za shule kabla ya hayo mawili, umepoteza siku na umepoteza imani ya watu.

Anza na jina

Neno "mbwa mwitu" lina mzigo ambao mnyama wetu hakuubeba mwenyewe. Biblia za Kiswahili zimelitumia kwa mnyama mwingine kabisa, yule mbwa wa mwituni wa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Ndiye anayetajwa katika onyo la manabii wa uongo waliovaa mavazi ya kondoo. Tafsiri za Kiswahili za Qur'ani nazo zinamtaja mbwa mwitu katika Sura ya Yusuf. Na miaka ya 2010 vijana wa uhalifu Dar es Salaam waliitwa kwa jina hilohilo. Mtu wa kijiji kama Mwakijembe au Mnazi anayesikia "mbwa mwitu wamerudi" anasikia yote hayo kwa mara moja.

Mnyama wa hapa ana manyoya ya madoa meusi, ya manjano na meupe, masikio makubwa ya duara, na mara nyingi ncha ya mkia nyeupe. Mguu wake wa mbele una vidole vinne, ambapo mbwa wa nyumbani ana kidole cha tano kilichoning'inia juu kidogo. Madoa ya kila mmoja ni yake peke yake, ndiyo maana watafiti huwatambua kwa picha. Katika mkutano, sema "mbwa mwitu wa madoa" mara mbili tatu za mwanzo, uonyeshe picha, kisha endelea na jina la kawaida.

Kwa vijiji vya Tanga vyenye Waislamu wengi, mfuate imamu mapema na umwombe, usimwelekeze. Kisa cha Yusuf kina jambo ambalo yeye atalieleza vizuri kuliko afisa yeyote: Yaakub alihofia mwanawe asiliwe na mbwa mwitu, ndugu wakaleta kanzu yenye damu ya uongo, na mnyama akawa amesingiziwa. Msikilizaji atafika mwenyewe kwenye swali linalofuata: hapa kwetu nani anasingiziwa? Ipo pia hadithi mashuhuri ya mtu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa. Suala la najisi litaulizwa. Mwachie imamu ajibu. Ukilijibu wewe, mazungumzo yatageuka kuwa ya fikihi na mbuzi watasahaulika.

Kusikiliza kabla ya kusema

Pita kaya 30 hivi, ukichagua kutoka kila kitongoji, siyo zile za karibu na ofisi tu. Zungumza na wanawake, maana mbuzi wengi wa nyumbani wako mikononi mwao, na vijana wanaochunga, maana hao ndio waliomwona mnyama. Beba picha nne zisizo na majina: mbwa mwitu, fisi, mbweha, mbwa koko. Muulize mtu amtaje kila mmoja na aeleze alimwona lini. Kisha uliza: mwaka uliopita ulipoteza mifugo mingapi, kwa sababu gani? Magonjwa, wizi na ukame viandike pia. Na mwisho: ukiliona kundi lao kesho asubuhi, utafanya nini?

Usiulize "unampenda mbwa mwitu?" Mtu atakujibu unachotaka kusikia, akupe na chai.

Majibu ya picha yatakusaidia sana. Mahali ambapo watu wengi wanamwita fisi "mbwa mwitu", karibu kila takwimu ya hasara uliyopewa ina kasoro, na kazi yako ya kwanza itakuwa utambuzi.

Sikiliza pia lisilomhusu mnyama. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951, wafugaji wakaondolewa humo mwishoni mwa miaka ya 1980, na ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Wapo wazee waliozaliwa ndani ya mipaka hiyo. Mzee akisema "mnyama wenu", anazungumzia ardhi. Usimkatize wala usimtetee mtu. Mpe nafasi aseme hadi amalize, andika, peleka malalamiko yake ofisi inayohusika na umrudishie jibu hata kama ni baya. Kikao cha kwanza kikiisha bila mbwa mwitu kutajwa sana, hakijaharibika.

Hili halipo kwetu tu. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipiga kura mwaka 2020 kuwarudisha mbwa mwitu wa kule. Pendekezo lilipita kwa tofauti ndogo sana: kura nyingi za ndiyo zilitoka mijini, upande wa mashariki wa milima, ilhali wanyama walipaswa kuachiwa upande wa magharibi kwenye ranchi za ng'ombe. Wa kwanza waliachiwa Desemba 2023, na kati ya waliochukuliwa jimbo la Oregon walikuwamo waliotoka katika makundi yenye historia ya kula mifugo. Wafugaji walipolijua hilo hasira iliongezeka, na ilikuwa ya haki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Anayebeba hasara aambiwe kila kitu, na aambiwe wa kwanza.

Nani amemla mbuzi?

Hapa ndipo kijiji kitakupima, kwa hiyo tutakaa hapa. Wafunze watu wawili katika kila kitongoji kusoma mzoga, na wapate habari ndani ya saa chache. Baada ya siku moja tai, mbwa wa kijijini na fisi wa usiku watakuwa wamefuta kila kitu.

Kwanza tazama kwa mbali. Mzoga uliovimba haraka, usiokakamaa, wenye damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au njia ya haja, usiuguse kabisa wala usiupasue. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwite afisa mifugo.

Kama hakuna dalili hizo, zuia watu na mbwa wasikanyage eneo, funika mzoga kwa turubai au matawi, kisha zunguka kwa duara kutoka nje kuja ndani ukitafuta nyayo. Weka biro au sarafu kando ya unyayo kabla ya kupiga picha. Picha isiyo na kipimo haina kazi. Vaa glavu. Chuna ngozi ya shingoni na mapajani na uangalie upande wa ndani. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai ana damu iliyovilia chini ya ngozi, nyekundu iliyokolea au nyeusi, kuzunguka matundu ya meno. Aliyekufa kwa ugonjwa kisha akaliwa, matundu yake ni makavu na nyama iliyo chini yake haina wekundu huo. Mwite mwenye mbuzi aone kwa macho yake. Jambo hili moja hutuliza watu kuliko hotuba ya saa nzima, kwa sababu hakuna aliyeambiwa aamini. Kila mmoja ametazama.

Sasa tofauti. Chui hukaba koo, huburuta mzoga akauficha kichakani au juu ya mti, na nyayo zake hazina alama za kucha. Fisi huja zaidi usiku, hupasua mifupa mikubwa, nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma na zina kucha. Mavi yake yakikauka huwa meupe kama chokaa. Mbwa koko hung'ata ovyo, miguuni, masikioni, mkiani, wakajeruhi wengi na kula kidogo. Ukikuta mbuzi sita wana majeraha na mmoja tu ameliwa robo, washuku wao kwanza. Mbweha ana uwezo wa vitoto tu. Mbwa mwitu huwinda alfajiri na jioni, mara nyingine kwenye mbalamwezi, wakiwa kundi. Huanzia tumboni na mapajani, hula haraka sana, na huacha kichwa, ngozi, uti wa mgongo na mifupa mikubwa mizima. Nyayo ni nyingi na zote zina kucha.

Ushahidi ukikosekana, andika "haijulikani". Ukilazimisha jibu ili kumsafisha mbwa mwitu, siku moja kijana atakuwa na picha ya simu inayokuumbua, na hakuna atakayekuamini tena. Na ikiwa ni mbwa mwitu kweli, tamka hadharani siku hiyohiyo.

Yote yaingie kwenye daftari moja kubwa la kijiji: tarehe, saa, mahali, aina na idadi ya mifugo, nani alikuwa anachunga na umri wake, ushahidi ulioonekana, mnyama aliyethibitishwa au anayeshukiwa. Lisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Safu ya "nani alikuwa anachunga" ndiyo itakayokupa dawa.

Mchungaji kwanza, zizi baadaye

Kosa la kawaida ni kutumia fedha zote kwenye uzio. Uzio ni muhimu kwa fisi, simba na chui. Mbwa mwitu kwa kawaida hushika mifugo malishoni mchana, hasa waliobaki nyuma. Kinachomzuia ni mtu mzima aliye macho.

Kwa hiyo shawishi kaya tatu au nne ziunganishe mbuzi wao na kuchunga kwa zamu, mtu mzima mmoja na kijana mmoja, mmoja mbele na mmoja nyuma ya kundi. Mtoto wa miaka minane peke yake na mbuzi arobaini ni hasara inayosubiri siku. Wahesabu wakitoka, wahesabu mchana, na warudi jua likiwa bado juu. Yule mmoja aliyesahaulika vichakani ndiye anayeliwa. Vitoto vya chini ya miezi mitatu na mbuzi wanaokaribia kuzaa wabaki nyumbani. Wakitokea mbwa mwitu, mchungaji asimame wima, apige kelele, akusanye kundi, asikimbie. Kwa mtu wao si kama simba: kwa kawaida huondoka, au husimama wakitazama kisha wakaenda zao.

Zizi lenyewe linahitaji mambo machache. Miiba ya mgunga ipangwe vishina ndani na matawi nje, nene kiasi kwamba ukisimama nje huwaoni mbuzi, na juu yake ipite kichwa cha mtu mzima. Mlango ndiyo mahali pabovu kila mara. Tawi la kuvuta halifai. Weka mbao au bati lililopigiliwa kwenye fremu, lifike chini kabisa. Kagua kila baada ya mvua, maana miiba huoza na kushuka.

Swala akiisha, zamu ya mbuzi

Ipo hoja moja ya kitaalamu ambayo wafugaji huielewa upesi kuliko watu wa mjini. Utafiti uliofanywa Laikipia na maeneo jirani kaskazini mwa Kenya, uliotolewa 2005, ulionyesha kwamba mahali ambapo wanyamapori wa kuwindwa bado wapo, hata kwa uchache, mbwa mwitu walishambulia mifugo takriban mara moja kwa mwaka katika kila kilomita za mraba 1,000. Mahali walipokwisha, hasara ilikuwa kubwa. Kwa maneno ya baraza: anayetega tanzi za waya kuua swala na digidigi anawaelekeza mbwa mwitu kwenye zizi la jirani yake. Tanzi hizohizo huwanasa na mbwa wenyewe.

Hoja hii igeuze kuwa kazi. Siku moja kwa mwezi askari wa kijiji na vijana wapite njia za maji na vichaka kuondoa tanzi, wazihesabu, na idadi iandikwe kwenye daftari lile lile. Usitaje majina ya watu mkutanoni. Anayetega mara nyingi anajulikana, na ukimwaibisha utapata adui mwenye sumu.

Mbwa wa nyumbani

Kikulacho ki nguoni mwako. Desemba 2000 distempa, ugonjwa wa virusi ambao hubebwa na mbwa wa kufugwa, uliingia katika mradi wa kuzalisha mbwa mwitu Mkomazi. Walikuwapo 52, ndani ya miezi miwili 49 walikufa, ingawa walikuwa wamechanjwa. Kazi ya miaka ikaondoka. Kichaa cha mbwa nacho kiliwaua mbwa mwitu wa Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Chanjo ya kichaa ndiyo mahali ambapo faida ya mnyama na faida ya mtoto wa kijiji ni moja, kwa hiyo ianze mapema, hata kabla ya mkutano mkubwa. Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa kijiji kila mwaka. Chini ya hapo ugonjwa huendelea kuzunguka. Hesabu mbwa kwanza, kaya kwa kaya, kwa sababu makadirio ya ofisini karibu kila mara ni madogo. Panga kituo karibu na gulio au bombani, asubuhi. Chanjo ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Boksi lenye barafu lililofunguliwa funguliwa kwenye joto la Umba haliwezi kulinda chochote. Chanja na watoto wa mbwa pia. Siku hiyohiyo fundisha: aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende kituo cha afya bila kungoja dalili.

Mkutano wenyewe

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mzungumzaji mkuu awe mtu wa hapohapo, na kwa Wamaasai na Waparakuyo laigwanani, kiongozi wao wa kimila, ahusishwe tangu kupanga tarehe. Afisa wa hifadhi akae na watu, asikae meza kuu. Kitengo cha Ujirani Mwema cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kipo kwa kazi hii; waombe waje na majibu, siyo zawadi za fulana. Epuka siku ya gulio, msimu wa kupalilia na saa za swala. Daftari lisomwe mwanzoni, kabla ya hotuba yoyote.

Fedha itaulizwa, na hapa wengi huharibu kila kitu kwa neno moja: fidia. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 na kanuni zake za 2011 zinazungumzia kifuta jasho (kwa mali iliyoharibiwa) na kifuta machozi (kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa), ambavyo si thamani kamili ya mali iliyopotea. Kabla ya mkutano nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, muulize kanuni zinazotumika sasa zinahusu wanyama gani, fomu gani, ndani ya siku ngapi, na lete nakala uibandike ofisini. Ahadi usiyoweza kuitimiza itamuua mbwa mwitu mwaka ujao.

Usiseme pia kwamba wataleta watalii. Huenda wakaja, huenda wasije, na fedha yao haipiti kwenye zizi la aliyepoteza mbuzi. Sema yaliyo kweli: ni mnyama aliyebaki wachache sana, yuko katika orodha ya walio hatarini kutoweka duniani tangu 1990, na wanaokomaa na kuzaa wanakadiriwa kuwa 1,400 hivi Afrika nzima. Watu wa Tanga wanaweza kuona fahari kwa hilo wenyewe bila kuahidiwa kitu.

Sumu na mashimo

Mbuzi wa kwanza akiliwa, una siku mbili hadi tatu. Katika siku hizo ndipo sumu ya kunyunyizia mazao au dawa ya kupe huwekwa kwenye mzoga. Fika siku hiyohiyo hata kama huna la kutoa, kaa na mwenye mali, jaza fomu naye, na mzoga uzikwe au uchomwe moto mbele yake baada ya uchunguzi. Waeleze majirani kwamba mzoga wenye sumu unaua tai, mbwa wao wa ulinzi na kuku, na mvua ikinyesha sumu huelekea kwenye maji ya kunywa. Chunga kaya hiyo isipigwe tena: kama walikuwa wanamtuma mtoto, tafuteni zamu ya mtu mzima kuanzia kesho yake.

Mbwa mwitu huzaa ndani ya mashimo, mara nyingi yaliyochimbwa na muhanga, watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na hukaa hapo kama miezi mitatu. Wakati huo wanawinda karibu, na lawama huongezeka. Shimo likigunduliwa, mahali pake pajulikane na watu wachache: askari wa kijiji, mwenyekiti, hifadhi. Picha zenye ramani zisirushwe kwenye makundi ya simu. Malishoni muelekeze mifugo kilomita kadhaa mbali, na mfukuze yeyote anayetaka kuwafukia au kuwachoma moshi. Watoto wakianza kutembea, kundi litahama.

Baada ya miezi sita rudi kwenye zile kaya 30 na maswali yaleyale, picha zilezile, kisha tena baada ya mwaka. Usisumbuke sana na wanaosema sasa wanampenda. Hesabu wanaomtofautisha na fisi, hesabu zamu za uchungaji zilizobaki hai, hesabu mbwa waliochanjwa, na utazame jibu la swali la mwisho. Mtu aliyesema mwanzo "nitamtegea sumu", akasema sasa "nitakusanya mbuzi na kumpigia simu askari", huyo ndiye uliyekuwa unamtafuta.